Mwenzangu Hurudia Kila Ninachosema

Mama Suhad mpendwa, nishike mkono, maana nyumbani naambiwa nyamaza na kazini naambiwa hongera, na hakuna hata mmoja anayeniambia la kufanya.

Mimi ni Lubaba, wa hapahapa Amman, nafanya kazi katika kampuni inayoagiza vitanda vya hospitali kutoka nje, na wauzaji wetu wote tunazungumza nao Kiingereza, na changu nilikuwa nakiona safi kwa sababu tangu niajiriwe kila nikifungua mdomo wenzangu husema Mungu akutunzie ulimi huo, na bosi wetu Abu Rakan huniita bulbuli wa ofisi, yule ndege mwenye sauti tamu, na meza ya pili ni ya Ghassan, mtu mzima, mpole, ambaye hupitia barua pepe zangu zote kabla hazijaenda, "naangalia tu, dada," husema, nami nikaamini kweli anaangalia tu.

Sasa cheo cha mkuu wa manunuzi kiko wazi na waliopendekezwa ni mimi na Ghassan, na wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Korea na mimi nikawaeleza jinsi magurudumu ya vitanda yanavyovunjika, na nilipomaliza Ghassan akarudia yote kama kawaida yake, "kwa kifupi," na nikaona mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliyekuwa hajaandika neno wakati nasema mimi, akashika kalamu aliposema yeye, kisha akamwuliza, "Mwenzako anasemaje kuhusu tarehe?" na mimi nimekaa palepale, na tulipotoka wote wakanipongeza, na mimi nikaenda kulia chooni.

Kaka yangu Mutasim nikambana aseme ukweli, akacheka kwanza, akasema, "Lubaba, wewe unaongea Kiarabu kilichovaa suti," eti naruka kitenzi cha "kuwa" kwa sababu kwetu hakihitajiki, nasema "meneja yeye alisema", kale kaneno ka Kiingereza, "the", kanakokaa mbele ya majina nakatundika kila mahali hata penye maisha na mapenzi, na naunganisha kwa "na, na, na" mpaka msikilizaji azame, na mama anasema jiondoe heshima yako ikiwa bado nzima, na Jumatano wageni wanarudi na Abu Rakan ataamua hapohapo, na mimi sijui kama Ghassan ananisitiri au anapanda juu ya mgongo wangu. Nijiondoe?

Lubaba, Jabal al-Hussein

*

Lubaba, hapana. Futa machozi tuongee.

Barua yako nimeisoma mpaka pumzi ikaniishia. Kwa Kiarabu nimeifurahia, ndivyo tunavyosimulia, jambo linashika mkono wa jambo. Ukimsimulia hivyo Mkorea kwa Kiingereza, ataweka kalamu chini na wala hutamlaumu. Makosa aliyokutajia kaka yako si ujinga. Ni lugha ya mama yako inayoingia nyumba ya watu bila kuvua viatu. Viatu huvuliwa, mwanangu, na waliovivua ni wengi.

Ninachokasirikia ni kingine. Sisi watu wa huku tukimwona mwenzetu nguo imemchanikia tunamsifia rangi ya nguo hiyo. Tunaita adabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ofisi nzima imekufichia yako kwa sifa. Lakini na wewe usijifanye hukuwamo. Uliupenda huo ubulbuli. Miaka yote hiyo hukufungua hata barua moja baada ya Ghassan kuipitia, uone alichobadilisha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo pole yangu nakupa nusu.

Sasa sikiliza. Leo jioni mchukue Mutasim mwende nyumbani kwa Ghassan. Mtaletewa kahawa. Pokea kikombe, kiweke mezani, usikiguse. Atakwambia, "Kunywa, dada, inapoa." Mwambie, "Sinywi mpaka unipe nilichokijia." Hakuna mtu wa Amman asiyejua maana ya kikombe hicho, kwa namna hiyo tumeposa mabinti na kusuluhisha visasi vya damu. Mwombe mambo mawili. Kuanzia kesho kila ukikosea akukatize palepale, kwa sauti, hata mbele ya mpika chai. Na Jumatano asirudie neno lako hata moja.

Akianza kuzunguka, mara adabu, mara wageni watatuonaje, umeshajua anakitaka cheo. Inuka, uache kikombe kimejaa. Akikubali, basi alikuwa anakusitiri kwa moyo mweupe, na umshukuru, maana alikuwa anafanya kazi ya watu wawili. Kunywa yote, hata kama imepoa.

Jumatano usikimbie kujaza chumba maneno. Sema jambo moja, ufunge mdomo, umngoje yule mama mwenye miwani aandike. Asipoandika, liseme tena kwa maneno machache zaidi. Utakosea, na usiombe radhi kwa kila kosa, wageni wamekuja kwa ajili ya magurudumu. Lakini kabla ya yote waambie, "Nisipoeleweka, niulizeni mimi." Sentensi hiyo ifanyie mazoezi na kaka yako mpaka itoke bila woga.

Yule mama atamgeukia Ghassan tena, kwa mazoea. Kama Ghassan alikukubalia, ainamie kikombe chake cha chai, anyamaze. Patakuwa kimya kidogo, na kimya hicho kitakuuma kuliko yote. Kivumilie. Mama huyo atakugeukia wewe. Jibu.