Wimbo wa Wayua Uko Key Gani?

Kanyangi, 4 Machi 2024

Baba,

Habari ya Mukuyuni? Sisi tuko salama, mvua tu ndiyo bado. Masikio yanaendeleaje? Nimeandika kwa sababu kwa simu hunisikii.

Kanisa limenunua kinanda na nimepewa mimi nicheze. Kuna wimbo ambao mama Wayua, anayetuanzishia nyimbo kwaya, aliutunga mwenyewe. Kila nikimfuata tunagongana. Jana watu walicheka hadi akaketi katikati ya wimbo. Mwenyekiti wa kanisa, Mzee Nzomo, amesema tukigongana tena Pasaka, kinanda kitafungiwa stoo turudie ngoma.

Wimbo unaanza kwa C, kwa hivyo nacheza key ya C, yaani C ndiyo do yangu. Sauti ni hizi: C F F G A, B A G F. Hiyo B si ile nyeupe, ni ile nyeusi iliyo kabla yake. Nakosea wapi?

Mwanao,
Mutindi

Mukuyuni, 9 Machi 2024

Mwanangu Mutindi,

Mimi ni mzima. Sikio la kushoto limeziba kabisa. La kulia linasikia jogoo tu, tena akiwa amekasirika. Tangu niache kwaya hakuna mtu ameniuliza swali la muziki. Barua yako niliisoma mara nne, chai ikapoa.

Usiangalie wimbo unapoanza, angalia unapopumzika. Uimbe polepole usimame kwa G: utajisikia kama mtu ameinua mguu hajakanyaga. Ukifika F, umekanyaga. Hiyo F ndiyo do, nyumbani kwa wimbo, na C ya mwanzo ni so. Tena key ya C haina B nyeusi, lakini ya F iko nayo. Wewe ulibonyeza nyeupe Wayua akiimba nyeusi. Yeye hakukosea. Mwambie.

Baba yako,
Kyule

Kanyangi, 2 Aprili 2024

Baba,

Mvua imenyesha na sote wazima. Nilienda kwa mama Wayua nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akasema, "Mimi nilidhani ni uzee."

Siku ya Pasaka, kwa furaha, akaanzisha juu, kwa D. Nikasema moyoni, D ni so, nikapanda hadi do: G. Nikacheza hiyo. Mzee Nzomo alipiga makofi, na habari ya stoo hajaitaja tena.

Tarehe 21 tunaimba Kitui mjini. Uje.

Mwanao,
Mutindi

Mukuyuni, 23 Aprili 2024

Mwanangu,

Nilifika nyumbani salama kutoka Kitui, miguu tu ndiyo inauma kidogo.

Sikusikia hata neno moja la wimbo wenu. Niliangalia mkono wako wa kushoto na mdomo wa Wayua. Kidole kilitua wakati ule ule alipomaliza. Aliyeketi karibu nami aliniuliza kwa ishara kama nalia, nikatikisa kichwa kuwa ndiyo.

Huyo ni Muindi, mwalimu wa kwaya ya hapa. Asubuhi hii amekuja na wimbo wake umeandikwa kwa karatasi, na juu yake ameandika key ya D. Ananingoja mezani, kwa hivyo naishia hapa.

Si D.

Baba yako,
Kyule