Kura Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mkunga amekuja saluni leo. Si kusuka — hana nywele za kusuka, amenyoa zote tangu astaafu. Amekuja kuniomba niingie kwenye kikundi chake cha kuhimiza watu wajiandikishe kupiga kura. Uandikishaji umeanza leo pale shule ya msingi, na unafungwa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano, saa kumi jioni. Baada ya hapo asiyekuwamo kwenye daftari hayumo.

Kasema: wewe una mdomo, na mdomo wako unafika kila nyumba. Sikujua nishukuru au ninune.

Kasema pia kikundi hakina chama. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni nacheka. Nani hana chama? Uchaguzi uliopita mgombea wetu wa udiwani alishindwa kwa kura kumi na tisa. Kumi na tisa! Ni vichwa ninavyosuka kwa wiki moja. Nimekubali kwa sababu moja tu, na naiandika hapa kwa kuwa hakuna wa kuisoma: nitagonga milango kwa jina la kikundi, halafu nizitafute kura zetu kimyakimya.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza, sebuleni kwa Mkunga. Watu kumi na wawili, viti sita. Mlangoni kuna kapu. Mwenye kofia, beji au kilemba cha chama anakitumbukiza humo kabla hajaingia. Fundi bomba alikuja na shati la chama, akalivua, akakaa kikao kizima na fulana ya ndani. Hakuna aliyecheka. Kilemba changu kikalala juu ya shati lake.

Kisha kanuni. Huulizi mtu atampigia nani. Ukiulizwa wewe, unasema ni siri yangu kama yako ilivyo siri yako. Hugongi mlango wa nyumba yako mwenyewe — anagonga mwenzako, wewe unaandika tu. Na mnatembea wawili wawili.

Sasa hapo kwenye wawili wawili! Mkunga anawapanga kwa makusudi, mmoja wa huku na mmoja wa kule, ili kila mtu amchunge mwenzake. Nikamuuliza kajuaje nani yuko wapi. Akajibu kwamba amewazalisha mama zetu karibu wote, na mtu ukimpokea siku ya kwanza hakupi shida tena kumjua.

Nimepangwa na Bucha, muuza nyama wa kona ile. Yeye na mume wangu walisoma darasa moja, lakini mimi naye tumenuniana miaka mitano, tangu siku ya matokeo alipopuliza filimbi mbele ya saluni mpaka mteja wangu akakimbia na nusu kichwa. Nimemkazia Mkunga macho. Yeye anamimina chai tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba nane. Miguu si yangu.

Ujanja wangu ulikufa kwenye nyumba ya kwanza. Nikaanza: unajua huyu diwani wa sasa na hii barabara... Bucha akakohoa. Nikajaribu tena kwenye nyumba ya pili, akakohoa tena. Mwenye nyumba akamwambia, baba, hicho kifua usikichezee, nenda kapimwe.

Lakini yule wa nyumba ya nne. Mlinzi, umri wa miaka hamsini hivi, tulimkuta ndiyo anaamka. Hajapiga kura maishani mwake. Kila uchaguzi yuko zamu, analinda geti la mtu aliyekwenda kupiga kura. Alilisema hilo bila uchungu wowote, kama anavyosema mtu leo kuna jua. Bucha akamweleza kwamba kituo kinafunguliwa saa moja asubuhi, anaweza kupitia hapo akitoka kazini. Mlinzi akauliza: na mimi nahesabiwa moja, kama bosi? Moja, kama bosi, akajibu Bucha. Yule mtu akaanza kufunga vifungo vya shati lake mpaka cha shingoni.

 Tulitembea nyumba mbili zilizofuata nikiwa bado namfikiria.

Ijumaa, 7 Machi

Mlinzi kajiandikisha! Nimemwona kwenye foleni na shati lile lile. Bucha kaniita shemeji, mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Sikumjibu vibaya.

Jumapili, 9 Machi

Nyani haoni kundule. Nimesikia watu wakilisema hilo tangu utotoni, na kila mara nilidhani linamhusu mwingine.

Orodha ya leo, ya wasiomo kwenye daftari, Mkunga aliipata kwa kulinganisha daftari la zamani lililobandikwa shuleni na watu anaowajua mtaani. Bucha akaisoma, akasimama katikati ya njia. Shemeji, akasema, nyumba ya tatu ni kwako.

Nikamwambia kakosea. Kwangu kuna mimi, kuna mume wangu aliye safarini na lori, sote tumo. Watoto bado wa shule. Na mama mkwe. Mama mkwe hayumo? Yule ambaye akifungua redio ya chama chao majirani wote wanasikiliza? Miaka kumi na moja tunaishi nyumba moja, na miaka kumi na moja tunabishana, yeye wa kule na mimi wa huku. Siku ya zile kura kumi na tisa nilimwambia mbele ya mwanawe: moja ni yako, mama, umetumaliza. Hakujibu kitu. Nikasema moyoni, kiburi cha mshindi hicho.

Kanuni ni kanuni. Bucha akapiga hodi kwenye mlango wangu, mimi nyuma yake na fomu mkononi. Mama akatukaribisha, akamgeukia Bucha peke yake. Bucha akauliza kwa upole ilikuwaje jina lake halimo.

Mama akamwonyesha mikono.

Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na nne, na ile dawa kali ya kutoa madoa. Ncha za vidole ni laini kama sahani. Alama hazipo, zimekwenda na maji. Mwaka ule alipokwenda kujiandikisha mashine ilikataa kidole baada ya kidole, na karani akamwambia mbele ya foleni nzima: bibi, wewe huna vidole, wapishe wenzako. Akarudi nyumbani, hakumwambia mtu. Siku ya uchaguzi akavaa gauni lake zuri, akatoka asubuhi, akaenda kukaa kwenye mabenchi ya wagonjwa pale hospitali. Saa sita akarudi.

Namkumbuka alivyorudi. Nilikuwa jikoni, nikamnunia.

Yote hayo alimwambia Bucha, mimi naandika. Kwenye nafasi ya sababu nimeandika "alama za vidole", na kalamu imetoboa karatasi. Miaka mitano namlaumu kwa kura ambayo hakuipiga. Na lawama aliibeba, bora tu tusijue kwamba alifukuzwa! Naona aibu kubwa. Lakini zaidi ya aibu namstaajabia. Nimekaa hapa mezani namtazama akichambua mchele, na ninaona simjui.

Jumanne, 11 Machi

Mama hataki kwenda. Kuaibishwa mara moja kunatosha, kasema. Nikabembeleza, akaongeza sauti ya redio.

Jioni kaja Mkunga. Hakuzungumza habari za kura hata kidogo. Alikaa kwenye stuli, akamwambia mama kwamba katika miaka yake yote ya wodini hakuna mtoto wa mtaa huu aliyempokea bila kumfunga kwa shuka lililotoka mikononi mwa mama. Diwani mwenyewe, akasema. Na huyu mkweo anayejifanya mkali. Mama akazima redio. Mimi nikaogopa hata kusogeza sufuria.

Baadaye mama akaniuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Jumatano, 12 Machi

Mashine imekataa vyote kumi.

Karani wa safari hii ni binti mwenye adabu zake. Hakupaza sauti, alisogeza kiti chake karibu akanong'ona. Kasema kuna njia mbili. Moja, mama asishike sabuni, alainishe vidole kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, tujaribu tena. Ya pili, kuna afisa wa uandikishaji anayeweza kuidhinisha mtu asiye na alama kwa fomu maalumu, lakini anazunguka vituo vingi. Karani akijua siku afisa anakuja, atanipigia simu.

Mama alitoka amenyooka. Mkono wake ulikuwa umenishika kiwiko, na ulinibana mpaka nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefunga saluni mapema. Beseni la maji ya moto kidogo, mafuta ya nazi, taulo. Kazi yangu ni vichwa vya watu, nimeshika vichwa maelfu, na leo ndiyo mara ya kwanza kushika mikono ya mama mkwe wangu zaidi ya salamu. Kidole kwa kidole. Kucha zimepinda, viungo vimevimba, na pale mwisho hakuna kitu, ngozi tupu inayong'aa.

Akasema: lakini unajua nitampigia nani.

Nikasema: sikuulizi, mama.

Akasema: hata usipouliza.

Tukacheka mpaka maji yakamwagika. Kisha nikaanza kupiga hesabu. Hii ni moja. Walitushinda kwa kumi na tisa, na mimi ndiye nawasugulia ya ishirini.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisije baadaye nikajidanganya.

Saa nne asubuhi karani kanipigia. Afisa anakuja kesho mchana, mara moja tu, kabla ya kufunga. Mama awe pale kuanzia saa saba. Wakati huo huo kwenye kiti changu amekaa katibu wa tawi letu, nusu kasukwa. Akauliza simu ya nani. Nikasema ya mteja. Akaendelea na habari zake: wale wa upande wa pili siku hizi wanaokota hata vikongwe, kumi na tisa usisahau, safari hii hatuwaachii hata moja. Nikaitikia huku navuta nywele.

Simu ile niliisikia mimi peke yangu. Mume wangu yuko safarini. Mama asingejua. Kukaa kimya si kusema uongo, hilo nilijiambia mara nyingi sana leo. Nimekaa na hiyo habari kutoka saa nne mpaka saa kumi na moja. Bucha alipita akauliza kama kuna jipya, nikasema hamna. Alinitazama. Hakukohoa hata. Angekohoa ningejua la kufanya.

Nikafika nyumbani. Mama yuko kibarazani, mikono ameiweka juu ya taulo, viganja juu, ameitunza hivyo tangu asubuhi asiguse chochote. Watoto walimlisha chakula cha mchana kwa kijiko, wakiona ni mchezo.

Nikamwambia. Kesho, saa saba. Na nikamwambia kwamba nimejua tangu asubuhi. Akanitazama kidogo. Akasema: basi nipasie lile gauni.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tisa na dakika ishirini. Naandika kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yako kifuani. Tumefika saa sita na nusu. Afisa bado. Wanasema yuko njiani, na wamesema hivyo tangu saa nane. Bucha kachukua pikipiki kwenda kumtafuta kituo cha jirani.

Foleni ilikuwa mpaka nje ya uzio. Walipomwona mama wakampisha, mtu mmoja mmoja, kuanzia nyuma mpaka mbele, na hakuna aliyewaambia. Kuna niliowatambua wa huku na wa kule. Nilipita nikiwa nimemshika mkono. Sikujua watu wa mtaa wetu wako hivi.

Saa tisa na dakika arobaini. Mkono wa kulia umekataa wote. Karani anafuta kioo cha mashine na kitambaa, anajaribu tena, hana haraka. Wa kushoto: kidole kidogo, hapana. Cha pete, hapana. Cha kati kilisoma nusu! Mstari wa kwenye skrini ulipanda ukafika katikati, chumba kizima kikaacha kupumua, ukashuka.

Saa kumi kasoro dakika sita. Msimamizi wa kituo ameanza kukunja nyaya. Amesema sheria ni sheria, aliyemo ndani anamaliziwa, lakini mlango ukishafungwa hakuna anayeingia, hata awe afisa. Bucha hajarudi. Nimeinuka nimesimama kwenye mlango, bega huku na mguu huku, naandika nimeegemea fremu. Msimamizi ananitazama. Namtazama pia. Mwili ninao.

Mama amegeuka kwenye kiti. Ameniita mwanangu, mbele ya watu. Kasema: twende nyumbani, umeshafanya ya kutosha, na kura yenyewe unajua inakokwenda.

Najua, mama. Weka kidole tena.