Nukta Nyekundu kwenye Geji ya Mafuta

Jumatatu, 3 Juni
Kuku wamekula. Baridi kali. Nimemfungulia fundi Sanga gari la marehemu mume wangu. Rangi ya geji za dashibodi imebabuka, namba hazisomeki, mshale wa mafuta umebaki bati tupu. Apake upya. Nimemwambia mara mbili: nukta nyekundu kwenye kioo cha geji ya mafuta usiiguse. Mzee aliiweka mwenyewe, kwa rangi yangu ya kucha.

Jumanne, 4 Juni
Namba zinarudi. Sanga anaongea mno. Mdomo wake ungekuwa brashi, kazi ingekwisha jana.

Alhamisi, 6 Juni
Ameifuta. Mjinga.
Kanisalimia kwa furaha: "Kamwene, Bibi! Njoo uone kioo kinavyong'aa."
Nikaangalia. Nukta hakuna.
"Nilidhani uchafu, Bibi."
"Uchafu ni wewe."
Nimemfukuza na brashi zake. Sijala. Nimelia kama mtoto, na sipendi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekaa garini na chupa ya rangi ya kucha. Mahali penyewe sipakumbuki. Miaka yote naiona, leo kichwa kitupu.
Geji hii ni mwongo. Tulitoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu, tunapeleka soko la Uyole. Gari likazima porini, geji inasema mafuta bado yapo. Mzee akacheka, akachukua chupa mkobani mwangu, akatia nukta pale mshale uliposimama. Akasema uongo wake mwisho hapa. Tukalala juu ya magunia. Nilinuka vitunguu wiki nzima.
Ningenuka tena.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwita Sanga. Kaja amenywea. Nikamwambia endesha mpaka lizime. Eti petroli itatuishia njiani, Bibi. Ndiyo kazi yenyewe, panda!
Tumezunguka Kihesa yote, tukatoka mpaka kwenye mahindi. Mshale mpya unashuka taratibu. Gari likakohoa, likanyamaza. Sanga akabeba dumu kwenda kutafuta mafuta.
Nikaweka nukta. Imekaa upande kidogo. Nikageukia kiti cha dereva nimwonyeshe Mzee.
Kiti kitupu.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda kanisani na gari. Sanga kaendesha, nukta hajaigusa. Nukta imekauka.
Jioni gari lilinuka rangi mpya tu. Nikaleta sahani na kisu, nikakaa kiti changu cha kushoto. Vitunguu vya mboga nimemenyea humo humo.