Fungu la Ndege

Kwa Mzee Nzuki,
Murera,
Ruiru.
18 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Mbinya,

Kabla sijakusalimu, wacha niseme jambo moja, maana nikianza na salamu ujasiri utaniisha. Babu hakusahau. Mimi ndiye niliyedanganya. Hakuna mtu mwingine anayejua, hata mama.

Sasa nakusalimu. Hujambo huko Halifax? Kifua chako kimepona, na theluji imepungua? Sisi tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Hapa mvua haijanyesha tangu kabla ya Krismasi. Majani ya kahawa ya jirani yamejikunja, na ikifika saa sita mchana hakuna kinacholia, hata kuku. Mchana umekuwa kimya kiasi kwamba unasikia mabati yakipasuka kwa joto.

Matokeo yangu uliyasikia kwa baba. Asante kwa maneno yako. Nimekaa hapa na Babu nikingoja kuitwa chuoni, na kurasa zilizobaki za daftari langu la biolojia nimezijaza wanyama. Nimemwandika ndege fundichuma aliyejenga kiota juu ya mkuyu kwenye bwawa, nguchiro saba wanaovuka njia wakiwa mstari mmoja, na pimbi wa kule machimbo ya mawe ya zamani. Siku moja niliwahesabu pimbi thelathini na mmoja wakiota jua. Unajua mimi si mtu wa kuongea. Wanyama hawaniulizi kwa nini nimenyamaza.

Ninayetaka kukueleza ni ndege wa asali. Wewe ulikulia hapa, unamjua: mdogo, rangi ya vumbi, na akiita ni kama mtu anayetikisa kiberiti. Babu humjibu kwa mluzi, naye huruka mti hadi mti akionyesha manyoya meupe ya mkiani, mpaka penye nyuki. Unaikumbuka pia sheria ya Babu. Sega la kwanza ni la ndege, linawekwa juu ya jiwe, na hakuna mtu kulamba kidole kabla yake. Ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwenye kitu ambacho si asali. Babu ni mzee wa kanisa, lakini sijawahi kumsikia akilifanyia mzaha jambo hilo.

Tarehe 28 Januari tulimfuata hadi kwenye mti uliovunjika karibu na mto. Babu alitoa asali, akaweka sega jeupe juu ya jiwe, akatangulia nyumbani na ndoo. Mimi nilisema nabaki kidogo niandike. Nilitaka kumwona ndege akila. Nilikaa karibu saa nzima, naye yuko tawini juu yangu, hashuki. Sikuwa nimekula tangu chai ya asubuhi. Nikasema nitaonja pembeni tu.

Nilikula lote, Shangazi. Nilitafuna hata nta mpaka utamu ukaisha, nikaitema. Nilipoinua macho ndege alikuwa ameshuka hadi tawi la chini, usawa wa uso wangu, akinitazama kwa jicho moja. Hakulia.

Nyumbani Babu hakuniuliza kitu. Kwake kuacha fungu ni kama kufunga lango. Anafanya, na hafikirii tena.

Daftari langu linasema hivi. Jumatano, saa sita na nusu mchana: yuko kwenye kamba ya nguo, kimya. Alhamisi, saa sita na nusu: pale pale, kimya. Ijumaa vilevile. Niliandika hivyo siku nane. Kila siku alikuwa ameelekea dirisha la chumba changu. Nguo zangu nilianza kuzianika juu ya ua.

Siku ya tisa akaita. Babu alifurahi kama mtoto, akachukua mwenge wa moshi, panga na ndoo. Nilimfuata. Nilijua napaswa kumwambia. Tulipofika kwenye mti wa kwanza nilisema nitamwambia kwenye wa pili, na kwenye wa pili nikasema wa tatu.

Hatukwenda upande wa mto. Ndege alituvusha mikonge, akatupeleka machimboni, na siku hiyo sikuona pimbi hata mmoja. Mawe yalikuwa matupu. Alitua juu ya mwamba wenye tundu kubwa chini yake, akanyamaza. Babu aliinama kusikiliza nyuki, kisha akaingiza mkono kupapasa. Mkono ulikuwa umeingia hadi kwenye kiwiko nilipoona kilichotapakaa miguuni pake: taya la mbuzi, mbavu, na ndala ya mtoto iliyotafunwa kisigino. Ndipo nikasikia pumzi. Haikuwa ya Babu. Ilitoka ndani ya jiwe, nzito, ya taratibu, pamoja na harufu ya kitu kilichooza.

Nilirudi hatua moja bila kumwonya. Babu aliutoa mkono mwenyewe, polepole sana, akarudi kinyumenyume mpaka aliponigusa. Tuliendelea kurudi hivyo hadi kwenye mikonge. Fisi aliyekuwa mle ndani hakutoka. Lakini tulipogeuka, ndege alianza tena kutikisa kiberiti chake, kama anayetuita turudi.

Babu aliketi chini.

"Nilimwachia fungu lake," akasema. "Sivyo, Syokau? Ulikuwa nyuma yangu."

Hapo ndipo nilipofanya lile nililokuambia. Nilisema, "Sikuona ukiacha, Babu."

"Basi baba yako anasema kweli," akasema. "Kichwa kimeanza kuondoka."

Unajua baba amekuwa akimwomba ahamie kwetu Ngoingwa tangu aliposahau jiko likiwaka mwezi wa kumi na moja. Kila mara Babu alikuwa akicheka na kumuuliza kama nyuki nao watapanda ngazi hadi orofa ya tatu. Jioni ile yeye mwenyewe alimpigia baba simu, akakubali. Lori linakuja Jumamosi hii. Mizinga yote minane amempa jirani yetu, Mzee Mbaluka, bure.

Hapigi mluzi tena. Ameandika kwa chaki ukutani, "Lango", "Dawa", "Jiko". Jana aliniuliza mara mbili kama tumeshasali. Sijui kama huo ni uzee, au ni mimi niliyemfundisha kujishuku.

Baba anasema hata wewe uliona heri ahame. Sikulaumu. Uliambiwa Babu anasahau.

Mwalimu wetu wa biolojia angesema ndege hajui kisasi, labda kulikuwa na nyuki mahali fulani ndani ya ule mwamba. Nimeliandika hilo pia. Lakini siku tatu zilizopita nilipeleka sega kwenye jiwe la mtoni, kubwa kuliko lile nililokula. Nimelitazama kila siku. Liko vilevile. Hata sisimizi hawajaligusa.

Nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie leo, kwa sababu kwa simu ningeishia kwenye salamu. Nisalimie Anko Tobias na Ndila mdogo. Mama na baba wanakusalimu. Babu naye angekusalimu, ila hajui kwamba naandika. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe kwetu salama.

Sasa ombi langu. Usimwambie baba, na tafadhali usimpigie Babu kabla ya Jumamosi. Akisikia kwako atanisamehe haraka, kwenye simu, na pengine bado atapanda lori. Ijumaa jioni, akiwa anaosha miguu pale nje, nitaketi mbele yake nimwambie kwamba aliweka sega juu ya jiwe, na nilimwona kwa macho yangu. Lazima alisikie kwa sauti yangu mimi. Mpaka hapo, Shangazi, likae kwako peke yako.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda sana,
Syokau