Mke Wangu Alisema Ukweli kwa Afisa wa Vibali, Nifanyeje?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini kabla hujaendelea kusoma ujue mimi si mtu wa kuomba-omba, mimi ni fundi wa makochi, nimeshona makochi ya wakubwa mpaka wengine wakaogopa kuyakalia, na barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukiona mahali nukta haipo ujue sikuihitaji.

Nina mke raia wa kigeni, mtu mzima kama mimi, alikuja kufanya kazi kwetu akaniita nimbadilishie kochi lake kitambaa, akanipenda, mimi sikumsumbua, tukafunga ndoa ya halali mbele ya watu, na Kiswahili anakijua mpaka matusi. Alipostaafu tukahamia kwao, na ili nikae huku kama mume wa raia lazima nipate kibali cha ukaazi, na ili ukipate mnaitwa ofisini, kila mmoja chumba chake, mnaulizwa maswali yale yale waone kama kweli mnaishi pamoja au mmeoana kwa ajili ya makaratasi. Nilikwenda na suti. Wasiwasi sikuwa nao, nani anaijua ndoa yangu kunishinda mimi?

Sasa lugha yao bado inasumbua, inasumbua yenyewe, si mimi, wakaniletea mkalimani, binti mdogo wa watu wa kwetu, ananiita babu. Mshauri, jiweke mahali pangu, una heshima zako, kisha mtoto kama huyo anakuuliza, "Babu, afisa anataka kujua asubuhi nani anapika chai." Ungesemaje? Nikasema ni mimi, naamka kabla ya jua, nampelekea mke wangu kitandani. "Anauliza, kwenye kimeza cha kitandani, upande wako, kuna nini?" Saa ya dhahabu na kitabu kinene. "Unatumia dawa yoyote, babu?" Mwambie tangu nizaliwe hata mafua hayajanisogelea. "Mara ya mwisho mligombana lini?" Nikacheka, nikasema kwangu mimi nikishasema, jambo limekwisha.

Kumbe chumba cha pili mwenzangu anamwaga kila kitu, hata ambacho hakuulizwa! Tulipowekwa pamoja afisa akasoma majibu yake, mshauri, nilitamani sakafu inimeze. Kasema tangu tuoane sijawahi kuwasha jiko. Kasema upande wangu wa kimeza kuna glasi ya maji yenye meno yangu ya bandia. Kasema vidonge vya presha ananitilia mkononi yeye asubuhi na jioni, asiposimama hapo navificha kwenye soksi. Kasema tuligombana asubuhi ile ile ndani ya basi kwa sababu nilikataa kuvaa kofia na baridi ilikuwa kali. Hata mapenzi yetu yalivyoanza kayaharibu, mimi nilisema alinililia, yeye kasema nilikwenda kwake mara nne kupima kochi lile lile moja.

Binti alipofika kwenye meno akanigeukia, "Kumbe babu meno si yako?" Nikamwambia nimeyalipia, sasa ni ya nani?

Afisa akasema mmoja wetu hamjui mwenzake kabisa. Tumepewa nafasi moja ya mwisho, Jumatatu ijayo, majibu yakigongana tena nanyimwa kibali nafungasha, na mke wangu hawezi kunifuata, goti lake limefanyiwa upasuaji na anatibiwa huku. Siku hizi anajifanya anatafuta miwani kumbe anafuta machozi. Mimi suluhisho nimeshatoa, nikamwambia, "Mama, majibu yako yabadilishe yafanane na yangu, tumalize." Akanijibu, "Nibadilishe nini, mzee wangu? Niseme presha huna, halafu uwaangukie palepale?" Akanipa mgongo.

Tatizo langu si afisa, ni yule binti. Baba yake ni kinyozi, na sisi wa kwetu wote tunakutana kwake kila Jumamosi, na pale jina langu ni Chuma. Aliyoyasikia kwa mke wangu nitasema ni utani, lakini nikiyakubali kwa mdomo wangu Jumatatu, Jumamosi nitaupita vipi ule mlango? Nakuomba uniandikie maneno makali nimsomee mke wangu akubali kusema ninavyosema mimi.

Ni mimi Chuma, fundi wa makochi, sijashindwa bado.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Chuma, shikamoo. Maneno makali ninayo tele, ila mkeo hayamhusu.

Nimekucheka, kisha nikakasirika. Umempata mwanamke anayekusimamia umeze dawa, nawe umekwenda kuiambia serikali ya kwao kwamba humjui. Ndivyo afisa alivyosikia! Chai ya kitandani na saa ya dhahabu hata tapeli wa ndoa anaweza kuzibuni akiwa njiani. Vidonge kwenye soksi hawezi, hayo anayajua anayefua soksi. Mkeo alikuwa anakupigania, wewe ukampinga neno kwa neno. Na sasa unataka aiongopee ofisi ya nchi yake kwa sababu ya kinyozi? Akigundulika, anayeingia matatani ni yeye. Aibu, mzee wangu, nasema kwa heshima zote.

Usidhani sikuelewi. Umehama uzeeni, lugha inakukatalia, karakana umeiacha, umebaki na hilo jina la Jumamosi na umelikumbatia. Ni haki yako. Lakini ukipandishwa ndege, hao wa kwa kinyozi wataendelea kunyolewa, na mkeo atapanda ngazi na goti lile peke yake.

Basi fanya hivi. Kesho pigeni simu ofisini muulize kama mnaweza kupewa mkalimani mwingine, mtu mzima mwenzako. Wakikataa, mwambie binti mapema, "Mjukuu wangu, ya humu yabaki humu," na kutunza siri ni sehemu ya kazi yake. Usikariri jibu hata moja. Ukikaa tu, kabla hujaulizwa, mwambie afisa kwamba mara ile uliona haya ukajipamba. Kisha jibu swali, ufunge mdomo. Na ile ya kochi isimulie mwenyewe, usimwachie mkeo. Mwanamume aliyepima kochi moja mara nne hakuwa anatafuta makaratasi.

Lakini mazoezi yanaanza leo. Jioni kaa na mkeo, umwombe radhi, halafu umwambie akueleze ulivyo, yote, na wewe usimkatize hata kwa kikohozi. Akimaliza, sema: "Hayo yote ni kweli." Ni maneno manne tu. Rudia mpaka yatoke bila kukukwama kooni, maana Jumatatu hutahitaji mengine.