Maji Kwenye Pampu ya Moto

Baba Mwajuma,

Nimetoka eda jana. Leo nimekaa kwenye kile kigoda chako kifupi, mtoto amelala, nakuandikia. Usiucheke mwandiko wangu, maana mwalimu ni wewe. Ulinifundisha herufi kwa chaki ubavuni mwa lori, tajiri akaja juu kwamba gari lake si ubao wa shule, nawe ukamjibu, "Mke wa dereva asijue kusoma, si aibu ya kampuni hiyo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nina neno. Nimelibeba miezi minne na siku kumi. Wewe ulilibeba siku tatu tu pale hospitali, ukaondoka nalo. Wacha nilitue.

Unaijua ile pampu ya kuzimia moto. Ya shaba, inang'aa, ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko. Mahali pake ni garini, karibu na mguu wa dereva, lakini wewe hukuiacha huko hata siku moja, kwa sababu wezi walikuwa wameshabeba mbili kuwauzia wafua bangili. Ukirudi safari unaingia nayo ndani, unaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Nikikuuliza nitalala na mke mwenza huyu mpaka lini, unasema, "Mwache, hana kelele kama wewe." Na kila alfajiri kabla hujatoka unaitikisa sikioni, kama mtu anayesikiliza kibuyu cha maziwa. Ukisikia imejaa unasema bismillahi, unakwenda zako.

Kila alfajiri. Nataka hilo likae kwenye karatasi hii. Hukusahau hata mara moja.

Mama Zena, mke wa Fundi Athumani wa pale yadi ya malori, ndiye aliyenionyesha kwamba dawa iliyomo ndani ya pampu inakula grisi. Lile koti lako la kaki, la kwendea harusi ya mdogo wako kule Ihanja, lilikuwa na doa begani. Lilishinda sabuni, likashinda majivu, likashinda hata limau. Nikatia matone mawili kwenye kitambaa, nikasugua, doa likaondoka na koti likakauka papo hapo. Harufu yake ilinipasua kichwa. Lakini ulipolivaa ukajigeuza mbele yangu utadhani bwana harusi ni wewe, nikaona kichwa si kitu.

Baada ya koti likaja gauni la jirani, kisha kanzu ya shemeji yake, kisha sijui ya nani. Walikuja na mayai, walikuja na mtindi. Mimi, binti wa Iramba, nimekuwa dobi wa mtaa wetu wa Mandewa mzima! Nilijisikia, sikufichi.

Pampu ikaanza kuwa nyepesi. Ningekuambia, ungegomba kidogo, ungekwenda kwa tajiri kuomba dawa nyingine, yakaisha. Nikaogopa. Nilisema tajiri atakuuliza umezima moto gani, nawe utakosa la kujibu. Mama Zena akaniambia, "Jaza maji tu, dada, sauti ni ile ile." Nikajaza maji, Baba Mwajuma. Mimi, kwa kata hii hii ya jikoni. Kesho yake ukaitikisa, ukasema bismillahi, ukaondoka.

Na si kwamba sikuwa najua. Siku ile stovu ilipolipuka nikakimbilia ndoo, ulinidaka mkono. "Moto wa mafuta haupigwi maji, unautembeza tu. Ufunike!" Ukautupia gunia, ukalikanyaga mpaka ukazimika. Kisha ukanifuta masizi usoni kwa mkono wenye masizi kuliko uso wenyewe, nikatoka hapo kama chungu cha uji. Nilijua, mume wangu. Nilijidanganya tu kwamba gari lako halijawahi kuwaka, basi litawaka kwa nini sasa?

Ya mlimani nimesimuliwa na Idi, utingo wako. Mlikuwa mnatoka Shelui, mnapanda Sekenke, mpunga umejaa na abiria juu ya magunia. Jua lilikuwa kali. Tambara bichi ulikuwa umeshalifunga kwenye bomba la petroli lipoe, kama desturi yenu kwenye mlima ule, lakini bomba lilivuja na injini ikashika moto. Ukazima gari, ukafunga petroli. Idi akatia mawe nyuma ya magurudumu, ukawaamuru watu washuke. Boneti ukaiinua upana wa kiganja tu, usiupe moto upepo. Idi anasema hukupiga hata kelele. Ukaingiza mdomo wa pampu, ukasukuma.

Yakatoka maji.

Moto ukashuka nayo mpaka chini, ukakamata tairi. Mkatafuta mchanga, pale pana mchanga gani, ni mawe matupu. Na juu alikuwa amebaki bibi mmoja wa Shelui, kanga yake imenaswa kwenye kamba za turubai. Ukapanda. Bibi mwenyewe anasema ulimrusha kwa Idi kama gunia la pumba, na kuku wake wawili ukawarusha nyuma yake. Yeye akashuka salama. Wewe ukachelewa.

Hospitali ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kidevuni. Ulinipa ishara niiname, nikainama. "Yalitoka maji, Mama Mwajuma." Basi. Hukuuliza kwa nini, hukuuliza nani. Alipoingia askari wa bomani na daftari lake, tajiri nyuma yake, ukawaambia kwa sauti, "Sikuikagua pampu. Kosa ni langu." Nilikuwa nimesimama pale pale miguuni pako. Mdomo ukawa mzito, jamani! Ukanitazama hivi, ukafumba macho, nami nikamwacha askari aandike.

Tumekuzika Ihanja, kwa wazazi wako. Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Eti dereva mzembe. Eti kaunguza gari la watu kwa kutojali. Mimi nimekaa ndani, nguo nyeupe mwilini, nasikia dirishani watu niliowafulia kanzu wakikusema. Siku moja yule bibi wa Shelui alikuja, na kuku mmoja kwapani. Alikaa mkekani akaniambia, "Mwanangu, mzembe hapandi kwenye moto." Nililia siku hiyo mpaka akadhani amenikosea. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Hata bibi wa watu nilishindwa kumwambia.

Na malori mawili yaliyobaki yalikuwa yanapanda Sekenke kila wiki. Hilo ndilo lililoninyima usingizi zaidi, maana Mama Zena hakujifunza kwenye pampu yako. Ningeweza kumtuma mtu akawaonye. Sikumtuma.

Basi jana nilipooga na kubadili nguo sikwenda kwa ndugu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye yadi. Gari la Shelui lilikuwa tayari, watu wameshapanda, dereva anakunywa chai. Nikamwamkia tajiri, akaniitikia vizuri, akaanza kunipa pole. Nikamkata. Nikasema mbele ya wote: "Mume wangu aliikagua pampu. Aliikagua kila siku. Dawa niliimaliza mimi kwa kufua nguo, nikatia maji." Nikashika mlango wa gari nisianguke. Sikumtaja mtu mwingine yeyote.

 Fundi Athumani alipanda garini akaichomoa pampu, akaifungua kizibo, akamimina kidogo kiganjani. Dawa yenyewe unaijua, inapoa kama baridi ya Juni kisha inatoweka. Kiganja chake kilibaki kimelowa. Akaenda gari la pili. Akamimina. Kikalowa tena.

Hakuna aliyeambiwa ashuke. Abiria walishuka wenyewe, na vifurushi vyao. Yule dereva aliweka kikombe chini akawa anaitazama pampu yake kama nyoka aliyemkuta kitandani. Tajiri alivua kofia. Akasema maelezo yako yataandikwa upya, atakwenda bomani yeye mwenyewe.

Jioni Mama Zena alikuja.  Tulikaa tu jikoni, tukalia mpaka maharage yakaungua.

Kesho ninaitwa bomani mimi. Sijui watanifanya nini. Naogopa, nikuambie ukweli, na mtoto nimeshamwomba mama amchukue kwa siku chache. Lakini nitasema tena vile vile, na safari hii askari aandike mpaka mwisho.

Leo asubuhi kabla gari la Shelui halijaondoka, Fundi Athumani alikuja na pampu mpaka mlangoni kwangu. Imejazwa upya. Akaniambia madereva wameomba niipime mimi. Nilidhani ananidhihaki, nikamtazama usoni, hapana. Nikatoa kiganja. Dawa ikapoa, ikakauka yote. Nikamwambia haya, nendeni.

Naahidi kiganja hiki, Mungu akikiacha na uzima, nitakitoa kila gari linapotaka kuondoka. Nguo zenye grisi zitabaki na grisi yao. Mwajuma akikua nitamfundisha herufi kama ulivyonifundisha, na barua hii atakuwa wa kwanza kuisoma, ayajue haya kutoka kwangu na si kutoka dirishani kwa watu.

Msumari wako bado upo juu ya kitanda. Sijatundika kitu.

Nisamehe, baba. Najua ulishanisamehe, ulipofumba yale macho, lakini mwenye kosa ni lazima aombe kwa mdomo wake. Pumzika sasa. Uliikagua. Nitamwambia kila anayeuliza, na asiyeuliza nitamfuata nimwambie.

Mkeo,
Mama Mwajuma