Chupa za Lilitha

Jumatatu, 6 Machi
Lilitha bado anaharisha. Tangu zile dawa kali za kifua, tumbo halishiki kitu. Mjukuu wangu kabaki macho tu!
Leo kliniki wametupa chupa za maziwa ya mgando. Vuyokazi wa utafiti anasema watoto wengine wanapewa yenye vijidudu hai, wengine yaliyochemshwa, vijidudu vimekufa. Nani kapata yapi — nesi hajui, Vuyokazi mwenyewe hajui. Nikamwambia, binti, umesoma miaka yote hiyo ili usijue? Akacheka. Eti, Makhulu, bibi yangu, tukijua tutaona tunachotaka kuona. Dukani wanatangaza yanaponya kila tumbo, sisi tunapima kama ni kweli.
Kunipimia mimi maziwa!

Jumatano, 8 Machi
Ni ya ng'ombe wa nani? Wa kiwandani, anasema mkwe wangu Nokulunga, mama yake mtoto. Kiwanda ni ukoo gani? Kwetu mgando wa zizi usilolijua hauliwi! Mtoto wa mwanangu ana ng'ombe wa babu yake.
Basi Nokulunga akienda kuchota maji, chupa namwagia mbwa, najaza ya kibuyu changu. Hayo ndiyo hai — yanasisimua ulimi. Wanangu wote yamewakuza.
Mkwe anakinusa kibuyu, anakunja pua. Mama, kioshe au kizike. Mdomo huo!

Jumapili, 19 Machi
Lilitha kala uji. Kacheka. Kanisani nimeketi mbele kabisa.

Alhamisi, 30 Machi
Damu.
Hospitali wamemtundikia maji. Wametafuta mshipa mpaka nikatoka nje. Nyumbani mbwa kanenepa. Mbwa!

Jumanne, 11 Aprili
Tumerudishwa na dawa mpya. Daktari haahidi kitu.
Vuyokazi kaja. Lilitha ametolewa kwenye utafiti kwa kuzidiwa, kwa hiyo siri ya chupa zake imefunguliwa. Zilikuwa za yale yaliyochemshwa, yaliyokufa.
Nikauliza, na wa yaliyo hai, wanapona? Akasema bado, Makhulu, mtoto mmoja hathibitishi kitu, mpaka tuwatazame wote.
Mmoja! Kwangu huyo mmoja ndio wote.
Akaandika: maziwa yaliyokufa, hali mbaya. Nimemtazama akiandika.
Alipoondoka tu, Nokulunga akapiga magoti. Hajawahi. Mama, nisamehe mdomo wangu. Kumbe tulikuwa tunampa mizoga. Mpe ya kibuyu chako, yaliyo hai. Atapona, sivyo?
Nikasema ngoja nikayatikise.
Niko jikoni. Kibuyu kiko mapajani, kimejaa. Ni haya haya, Nokulunga. Tangu siku ile ni haya haya! Nikimwambia, atabaki na nini?
Nasikia anaosha kikombe. Anamwinua mtoto kitandani.
Anaita. Mama, fanya haraka — amekubali, amefungua kinywa!